Anayetangulia Kusafishiwa Njia

Québec, 3 Desemba 1984

Lisette mke wangu,

Imeanguka. Nimeitazama dirishani tangu kabla hawajaleta uji, ile theluji nzito yenye maji inayong'ang'ania kwenye meno ya mashine, na mimi nimelala chali hospitalini, mguu uliovunjika umening'inizwa kama paja la nguruwe buchani. Mzee wa kitanda cha pili ananiambia, "Tazama inavyopendeza!" Nusura nimrushie bakuli. Inapendeza kwa asiye na wateja.

Basi nisikilize, maana daktari amesema siondoki hapa kabla ya Machi, na kazi yetu ya kuwasafishia watu theluji njiani sasa iko mikononi mwako. Raundi yetu usiigeuze. Unaanza na Bi. Ouellet kwa sababu ni mkunga na anaitwa wakati wowote. Kisha unateremka mtaa wa kanisa, unapanda kwa akina Gauthier, unamalizia na Mwalimu Tanguay, ambaye haendi popote ila kulalamika anajua. Penye vijiti vyangu vyekundu pembeni mwa njia ni petu. Pasipo na vijiti, hata mtu akupungie mikono miwili huku analia, pita. Katapila la manispaa likishapita barabarani, rudi ukaondoe lile tuta linaloliacha kwenye mdomo wa kila njia. Mteja hakumbuki ulichomsafishia asubuhi, anakumbuka tuta tu.

Germaine anataka waya wa kupashia injini uchomekwe mpaka asubuhi, la sivyo dizeli itaganda. Klachi yake ngumu, ikanyage kwa moyo wote. Usimwite "trekta" mbele ya watu, ana jina.

La mwisho. Armand Desgagnés atakuja kukuuliza kama unahitaji msaada. Namfahamu, nimemwendeshea trekta misimu mingi kabla sijajitegemea. Atavua kofia, atatabasamu. Mwambie hapana. Sijasahau ni nani alikuwa akikupeleka kuteleza kwenye barafu ya mto kabla sijatokea mimi.

Nakupenda. Mguu hauniumi kama kinavyoniuma kiti cha Germaine nisichokikalia.

Mumeo,
Gervais

*

Sainte-Rosanne, 9 Desemba 1984

Gervais wangu,

Milango yote nimeifikia. Siku ya kwanza nililia njia nzima, halafu nikaona machozi yananizuia kuona kioo cha nyuma, nikaacha. Utaniambia uliwezaje kuendesha kinyumenyume miaka yote hiyo bila shingo kukatika. Kwa Mwalimu Tanguay nilisahau kugeuza bomba la kurushia theluji, nikaizika gari yake mpya hadi paa. Alitoka na kanzu ya kulalia. "Bibi Lavoie, mumeo hakuwahi kunifanyia hivi!" Nikamwambia, "Mume wangu alitamani siku zote, Mwalimu, mimi nimepata tu nafasi." Akacheka! Tanguay! Sikujua ana meno.

Bi. Ouellet anasema kingo za njia yake hazijawahi kunyooka namna hii. Nimemwambia ni mashine, si mimi.

Armand alikuja. Alivua kofia kweli, nikakukumbuka nikashindwa kujizuia kucheka. Nikamwambia hapana, akaenda zake.

Nikishuka jioni mikono inaendelea kutetemeka, hata kijiko kinapiga kelele kwenye sahani. Lakini wewe usinifikirie. Kula, lala, uwasikilize madaktari.

Wako,
Lisette

*

Sainte-Rosanne, 28 Desemba 1984

Kaka Gervais,

Heri ya Krismasi iliyopita. Mama anakusalimu na anasema upumzike, usisumbuliwe na habari za huku. Nami sikusumbui. Unanijua, mimi si mtu wa maneno.

Ila dirisha langu linatazama uwanja wa Armand Desgagnés, na hilo si kosa langu, nyumba nimeikuta hivyo. Sasa nikiamka kuwasha jiko, naona nini? Namwona Germaine wako anatoka kwenye gereji ya Armand. Si mara moja. Kila alfajiri tangu kabla ya Krismasi. Na juu yake, wifi yangu. Na njia ya kwanza anayoisafisha, kabla ya mkunga, kabla ya mtu yeyote, ni ya Armand. Nimetoka na miwani kuangalia: hakuna kijiti chekundu hata kimoja pale.

Labda ipo sababu. Sikuuliza, maana wifi na mimi hatuongei tangu yale ya sahani za harusi ya binamu. Nakuandikia ili usije ukasikia kwa watu wabaya.

Usitie moyoni.

Dada yako,
Colombe

*

Québec, 4 Januari 1985

Lisette,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi ilipita vizuri. Walituletea pai ya nyama iliyopoa, na mtawa mmoja akatuimbia. Kila mgonjwa alikuwa na mtu wake kando ya kitanda. Mimi nilikuwa na dirisha. Uliniambia kwenye simu kwamba theluji haikukuruhusu kusafiri, na wa kuielewa theluji ni nani kama si mimi? Nimeelewa.

Wameanza kunisimamisha kwa magongo. Daktari wa mifupa amekuja na picha zake, akasema mengi. Nitakueleza siku nyingine.

Nina maswali madogo tu. Germaine analala wapi siku hizi? Banda halimvujii? Unaanza na nani asubuhi? Nimeuliza kwa kuwa hapa hatuna la kufanya, na mtu akilala sana mawazo yanamzunguka.

Armand hajambo?

Gervais

*

Sainte-Rosanne, 10 Januari 1985

Gervais wangu,

Barua yako fupi imenitia baridi kuliko ile ya nje. Hiyo ni sauti gani? "Nina maswali madogo tu," kama polisi.

Germaine yuko bandani, mkavu, anakula umeme kama bibi harusi. Naanza na Bi. Ouellet kama ulivyoniagiza. Armand sijui habari zake, nadhani hajambo.

Sasa nikupe habari nzuri. Wiki hii theluji ilishuka bila kupumzika, nami nilimaliza raundi kabla katapila halijapita, halafu nikairudia yote kuondoa matuta, na hakuna aliyepiga simu kulalamika. Akina Gauthier walinitolea pai nzima ya sukari, nikaila ndani ya kibanda cha Germaine kwa mkono, bila uma. Siku hizi ninaimba humo ndani, Gervais, kwa sauti, na hakuna wa kuniambia ninakosea. Kuna wakati kunakucha, theluji inarushwa kutoka bombani na jua linaipata, nami nasahau kwamba nina njaa. Hukuwahi kuniambia ni vizuri hivyo. Miaka yote ulirudi nyumbani ukisema "kazi ya punda."

Daktari alisema mengi gani? Niambie.

Lisette

*

Sainte-Rosanne, 17 Januari 1985

Kaka,

Umeniuliza kwenye simu kama nina hakika. Nimeudhika, lakini nakusamehe kwa ajili ya mguu.

Jikoni kwa Armand hakuna pazia tangu mkewe afariki, Mungu amrehemu, yule angeweka pazia. Jana baada ya raundi nimemwona wifi kwa macho yangu haya mawili amekaa mezani kwake. Viatu amevua! Yuko na soksi! Anakula chapati za maji na shira ya mti wa mepo, mdomo umejaa, anacheka hadi anashika ubavu, na Armand amesimama nyuma yake na birika anammiminia kahawa. Tena bila kofia.

Mimi kama mimi sijawahi kumwona wifi akicheka hivyo. Kwenye harusi yenu alicheka, lakini kwa adabu.

Watu mtaani wanamsifu. Tanguay anamwambia kila mtu dukani kwamba mwakani atatia sahihi tena, ila kwa sharti kwamba aje "bibi," si "bwana." Nimekuambia ili ujue tu hali ya biashara yako.

Usile chumvi nyingi, presha yako ni kama ya baba.

Colombe

*

Québec, 21 Januari 1985

Lisette,

Umenidanganya. Germaine hayuko bandani. Huanzi na mkunga. Unaanza na Armand Desgagnés, njia isiyo na kijiti changu, halafu unavua viatu unakula mezani kwake. Usijisumbue kukataa, uliyeonekana ni wewe.

Mimi nimelala hapa nahesabu nyufa za dari na kila theluji ikianza nasema moyoni, sasa amewasha injini, sasa yuko kwa Ouellet, sasa anateremka mtaa wa kanisa. Nilikuwa nakufuata mlango kwa mlango kama mjinga, kumbe raundi yako ina kichwa kingine. Roho inaniuma, chakula cha mchana nimekirudisha kilivyo. Mtawa ameniuliza kama ni mguu, nikasema ndiyo.

Basi tumemaliza. Nimempigia simu Rosaire Bouliane, yule mwuza matrekta wa upande wa pili wa ziwa. Nimemuuzia Germaine. Karatasi nimeshazitia sahihi na kuzituma, na Rosaire anakuja kumchukua wiki hii hii. Wateja nao awachukue anayewataka. Afadhali Germaine alime viazi kwa mtu nisiyemjua kuliko kulala kwa Armand.

Tuone sasa utakwenda pale kila alfajiri kwa kisingizio gani.

Gervais

*

Sainte-Rosanne, 27 Januari 1985

Gervais,

Rosaire alikuja kabla ya barua yako. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza raundi. Mtu nisiyemjua anasimama na lori lake, ananipa pole ya "uamuzi wenu," ananiomba ufunguo. Nilidhani ni mwizi mwenye adabu. Kisha akanionyesha sahihi yako. Nilimpa. Alimfunga Germaine minyororo juu ya lori, nami nilisimama pale na glavu zangu hadi walipopotea kwenye kona. Barua yako ilifika kesho yake, na sahihi ileile, kwa hiyo nilisoma sababu baada ya kuona adhabu.

Sasa nisomee na wewe kwa utulivu.

Hatuna banda. Liliporomoka ile dhoruba ya kabla ya Krismasi, theluji kwanza, halafu mvua juu yake, halafu ikaganda, na mimi nilikuwa nimesafisha njia za watu wote nisikumbuke kupakua theluji juu ya paa letu wenyewe. Lilimwangukia Germaine. Nilipiga kelele mtaani. Aliyekuja ni Armand na madereva wake, wakamfukua kwa majembe, wakiondoa ubao mmoja mmoja. Kioo kimoja tu kilivunjika. Huwezi kumwacha nje kwenye baridi hii, unajua kuliko mimi. Nani mwingine katika mji huu ana gereji yenye joto ya kutosha trekta? Ndiyo, nilisafisha njia ya Armand kwanza. Ningetokaje gerejini mwake, kwa kuruka?

Nilimpigia simu daktari wako kabla ya kukueleza. Akasema damu yako ilikuwa inaganda mguuni na habari za kukushtua zingoje. Mama yako akatuita wote, akatukataza kukwambia la banda. Kwa hiyo nilikudanganya kwenye barua ile, na nilichukia kila neno. Ndiyo maana sikuja Krismasi. Nilikuwa bado nafukua vifaa vyetu.

Na hiyo meza ya Armand! Wewe mwenyewe umekula pale misimu yote uliyomfanyia kazi. Baada ya raundi madereva wote hula kwake, ni desturi yake tangu enzi za baba yake, wewe ndiye uliyenihadithia. Waliokuwepo siku hiyo ni Ti-Louis na wale ndugu wawili wa Hébert, na nilicheka kwa sababu Ti-Louis alikuwa akiigiza jinsi Tanguay anavyotoka na kanzu ya kulalia. Nani aliyekuandikia akasahau watu watatu mezani? Usiniambie, najua. Dirisha lake linaona anachotaka.

Siku ya pili baada ya Germaine kuondoka, theluji ilianguka hadi magotini. Vijiti vyetu vyekundu vimesimama kila njia, jina la Lavoie juu yake, na hatuna hata koleo la maana. Bi. Ouellet alipiga simu akiwa na mama mwenye uchungu upande wa pili wa mji. Nilivaa buti nikaenda kwa Armand kwa miguu. Ana trekta moja halina dereva. Nikaliomba. Sasa namwendeshea yeye, na njia zetu nazisafisha kwa mashine yake, ili jina lako lisitukanwe. Ulitaka nisiwe na sababu ya kwenda pale alfajiri. Umenipa moja kubwa.

Nikwambie kilichoniuma. Si kwamba uliamini. Wivu nao ni ugonjwa, nimewahi kuwa nao. Miaka yote nilimwonea wivu Germaine. Ulimwita jina lake vizuri kuliko langu, ulimfunika blanketi. Msimu huu nilikaa kwenye kiti chake nikakuelewa, nikawa nakuandikia nikitaka tuelewane sote wawili. Kilichoniuma ni kwamba uliniuliza kwa mitego, hukuniuliza waziwazi hata mara moja.

Lisette

*

Québec, 2 Februari 1985

Colombe,

Swali moja. Ulijua kwamba banda limeanguka?

Gervais

*

Sainte-Rosanne, 6 Februari 1985

Kaka Gervais,

Swali la ajabu! Mji mzima unajua. Lakini Mama alitukataza kukwambia la banda, na mimi, tofauti na wengine, nikikatazwa nakatazika. Sikukutajia banda hata mara moja. Soma barua zangu upya.

La gereji hakulikataza.

Na hao akina Ti-Louis, kweli walikuwepo, ila walikuwa wananikinga nisione vizuri, sasa ningewaandika wa nini?

Nasikia umemuuza Germaine. Hapo umeharakisha, kaka. Mimi nilisema usitie moyoni.

Colombe

*

Québec, 12 Februari 1985

Lisette mke wangu,

Nimeianza barua hii mara nyingi hadi mtawa anataka kuninyang'anya karatasi.

Nimempigia Rosaire. Germaine ameshauzwa tena, kwa mkulima asiye na simu. Nilimwomba, nikampigia kelele, nikamwomba tena kwa sauti ya chini. Hakuna. Nilipoweka simu chini, watu waliokuwa wakingoja zamu kwenye korido walinipisha.

Nisamehe ni neno dogo, nalisema hata hivyo. Lakini ulinitaka uwazi, basi pokea na huu ambao nimekuficha tangu mwaka mpya.

Yale mengi ya daktari ni haya: mguu wa kushoto umeungana vibaya. Umekuwa mfupi, na goti halitakunjika tena kama la mtu. Nitatembea, kwa gongo. Nilimuuliza jambo moja tu, klachi ya trekta. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza. Sikukuandikia. Nilijiambia nitakanyaga kwa hasira, nitaikanyaga kwa gongo. Kisha ikaja barua yako ya pai ya sukari, na jua, na kuimba kibandani, na hujakosea mlango hata mmoja. Niliisoma nikatamani uwe umeshindwa. Hilo ndilo la kweli, Lisette. Nilikulaani kwa sababu kingo zako zimenyooka.

Colombe aliponiletea Armand nilimpokea kwa mikono miwili. Mwanamume namwelewa, najua pa kumpiga. Nilijua nawe humtaki Armand, ndani kabisa nilijua. Niliyemwonea wivu ni wewe, umekaa mahali pangu, unacheka kwenye meza niliyokuwa nacheka. Nikasema kama mimi sikai tena kwenye kiti kile, basi asikae mtu. Kwa hiyo nikamuuza.

Nilikuwa nikirudi nikikuambia kazi ya punda ili usiitamani.

Wananitoa tarehe tisa Machi. Kama hutaki kunipokea, Mama ana chumba. Kama unataka, njoo unichukue, na ukija sitakuuliza kitu kwenye gari.

Gervais

*

Sainte-Rosanne, 24 Februari 1985

Gervais,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa mfukoni mwa koti la kazi. Inanuka dizeli sasa.

Mguu huo nimeulilia. Nimeulilia kwenye kibanda cha trekta la Armand, na safari hii sikuacha kwa ajili ya kioo. Ungeniambia. Tungeulilia wawili, na Germaine angekuwa yupo.

Lakini sitakudanganya tena, hata kwa wema. Ningekuwa sijaudhika ningekuandikia mapema. Nimeudhika bado. Nikipita penye mabaki ya banda, nageuza uso. Ulipotamani nishindwe, mimi kila alfajiri nilikuwa nafanya kazi nikisema, nikiharibu nitamwambia nini Gervais.

Armand ameniuliza kama nitabaki naye mwakani. Nimemwambia hapana, na amevua kofia tena, masikini, sijui kichwa chake hakipati baridi? Mwakani nataka trekta langu. Wateja wetu wote wamesema watatia sahihi, na nimewaambia sahihi itakuwa kwangu, Lisette Lavoie. Hilo sikuombi ruhusa. Nakuarifu mapema ili usilisikie dirishani kwa mtu.

Kazi ya kwako ipo, ukiitaka. Nahitaji mtu wa kukaa na simu wakati wa dhoruba, anayeijua kila njia na kila mteja, wa kuniambia nani asubiri na nani hawezi. Najua si kiti chenyewe. Utakaa jikoni ukinisikia ninavyopita nje, na utaumia, sikufichi. Fikiri kama unaweza kuumia bila kuuza kitu.

Nitakuja kukuchukua tarehe tisa. Ila theluji ikianguka usiku wa kuamkia siku hiyo, nitamaliza raundi kwanza, ndipo nianze safari. Bi. Ouellet ana mama wawili wanaongoja siku zao, na wateja wetu hawakutenda kosa lolote. Siku hiyo ya kutoka, wewe utangoja.

Lisette

*

Québec, 8 Machi 1985

Lisette wangu,

Sina hakika kama barua hii itakufikia kabla hujaondoka, lakini siwezi kulala na siwezi kupiga simu, korido imefungwa.

Kazi ya simu naitaka. Tanguay akipiga nitamwambia mimi ndiye bwana, na bibi atakuja akipenda.

Imeanza kuanguka hapa. Ni ile kavu, nyepesi, isiyokwama kwenye meno, utafurahi nayo. Redio inasema inaelekea kwenu na itakuwa nyingi. Nimevaa tayari, viatu viwili, kimoja kina soli nene waliyonitengenezea. Gongo liko magotini na sanduku liko mlangoni. Mzee wa kitanda cha pili anasema, "Lala bwana, mkeo hatafika kwenye dhoruba hii kabla ya jioni." Nimemwambia najua, najua kuliko yeye.

Anza na Bi. Ouellet. Usiharakishe kwa ajili yangu, na rudi ukaondoe matuta yote. Nitangoja hapa hapa, na nitauonea wivu kila mlango utakaoufikia kabla ya huu wangu.

Gervais